Wastani na Namba Thelathini na Moja

Jina lake halisi lilionekana kwenye hati ya mshahara na kwenye cheti cha ndoa, basi. Kazini aliitwa Wastani, mtaani Wastani, na siku mkewe akinuna, hata nyumbani jina lilikuwa hilohilo. Alijipa jina hilo mwenyewe siku ya harusi yake. Mgeni mmoja mcheshi alimshika mkono akamuuliza, "Bwana harusi, una furaha?" Naye, kijana aliyetoka kusomea takwimu majuzi tu, akatafakari kama mtu aliyepewa swali la mtihani, akajibu, "Kwa wastani, ndiyo." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi hakucheka. Walizaa, wakalea, watoto wakaondoka nyumbani, na mama huyo alikuwa bado anasubiri jibu lililo bora zaidi.

Hakuwa mtu wa maneno matamu, wala hakuwa mwongo, na kwake mambo hayo mawili yalitoka shina moja. Aliamini kwamba mtu anayesema zaidi ya anachokijua ni mwizi, hata kama hakuna mfuko uliopungua. Imani hiyo haikumpatia marafiki wengi. Ilimpatia kazi ambayo wengine waliikimbia.

Alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa ujenzi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, ukuta kwa ukuta na maabara ya kupimia matofali. Kila mashine ya upande wa pili ilipobana tofali mpaka likapasuka, kikombe cha Wastani kiliruka juu ya kisahani. Mgeni angeshtuka. Yeye alikuwa amejifunza kunywa chai kati ya tofali na tofali.

Mwaka huo taasisi ilipewa kazi ya kuandika mwongozo wa kuchoma matofali na kuteua mafundi watakaofundisha katika karakana mpya. Wachomaji walikuwa wa namna mbili. Wa bondeni walichimba udongo mweusi, laini, kando ya mto. Wa mlimani walichimba udongo mwekundu wenye changarawe. Kila upande ulikuwa na lugha yake, mabingwa wake, na dharau yake kwa upande wa pili. Ujuzi wote ulikaa mikononi na vichwani, na hakuna aliyewahi kuuandika.

"Sasa utasahihishaje mtihani ambao hata mwalimu hajui majibu?" Mkurugenzi alimuuliza. Alikuwa mhandisi, mwanamke mwenye mwendo wa haraka, ambaye miwani yake ilikaa kwenye nywele zaidi ya ilivyokaa machoni.

"Tuseme darasa zima tumelitawanya, kila mwanafunzi chumba chake," alisema Wastani. "Hakuna kuchunguliana. Anayejua atajibu kama wanavyojibu wengine wanaojua. Asiyejua atabahatisha, na wabahatishaji hawapiti njia moja. Kwa hiyo nikitazama nani anakubaliana na nani, nitawatambua wajuzi kabla sijayatambua majibu. Nikishawatambua, sauti zao nazipa uzito zaidi, na majibu yanajitokeza yenyewe."

"Kumbe ni yaleyale ya wazee. Penye wengi hapaharibiki neno."

"Panaharibika, mama, kama hao wengi wamechungulia karatasi moja."

Mkurugenzi alishusha miwani kutoka kwenye nywele akamtazama vizuri. Kazi akampa.

Wastani alitunga maswali ya ndiyo na hapana. Je, tofali lililoiva likigongwa hulia? Je, udongo ulale siku nyingi kabla ya kufinyangwa? Je, moto wa siku ya kwanza uwe mdogo? Kisha akaongeza mtego, kwa sababu alikuwa amewahi kuona watu wazima wakijibu uso wa anayeuliza badala ya kujibu swali. Kila fundi angehojiwa peke yake, mara mbili, kabla ya chai na baada ya chai. Muulizaji mmoja angekuwa mzaliwa wa bondeni, mwingine wa mlimani, na lafudhi zao zingejulikana tangu salamu ya kwanza. Baadhi ya maswali yangerudi baada ya chai yakiwa yamevaa maneno mengine. Mwenye msimamo asingeona tofauti. Asiye na msimamo angejulikana.

Majina yaliondolewa, kila fundi akapewa namba. Ilikuwa njia safi. Uchafu uliingilia nyumbani kwake mwenyewe, kwa mlango wa mbele, siku ya mapumziko, ukiwa umechana nywele na kuvaa shati lililopigwa pasi.

Huyo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Mlimani alizaliwa, bondeni akaoa, na huko bondeni akachoma matofali mpaka nywele zikageuka rangi ya majivu. Wazazi walipofariki, dada yake alikuwa bado mtoto. Yeye ndiye aliyemlea kando ya tanuri, akamsomesha, akamkabidhi kwa Wastani akiwa mwalimu kamili. Sasa moshi ulikuwa umemwingia kifuani. Daktari alimkataza kusogelea mdomo wa tanuri, na fundi asiyesogelea tanuri ni mstaafu hata kama hajaagwa. Kilichobaki ni kufundisha. Karakana mpya ndiyo mahali pekee ambapo angeweza kuamka asubuhi na bado akaitwa fundi. Hilo alilijua yeye, dada yake alilijua, na Wastani pia alilijua.

Watu walimwita Naam. Hakuna aliyekumbuka siku aliyomkatalia mtu jambo.

"Kaka, chai sukari imezidi?" mke wa Wastani aliuliza.

"Imezidi kidogo, mdogo wangu."

Wastani alionja ya kwake. "Mimi naona haina sukari kabisa."

"Haina, shemeji, haina," Naam alisema kwa moyo mweupe, akavuta bakuli la sukari, akaongeza kijiko.

Dada yake alicheka. "Kaka, wewe ungekuwa hakimu, mwizi na aliyeibiwa wangetoka mahakamani wote wameshinda."

"Na wote wangenisalimia njiani," alijibu Naam. Akakohoa, akafuta mdomo, akamgeukia Wastani. "Kuhojiwa nimeshahojiwa, shemeji. Vijana wana adabu hao! Mimi ni namba thelathini na moja. Usije ukanisahau huko kwenye mitambo yako."

Wastani alishusha kikombe. "Hukupaswa kuniambia."

"Basi sikukuambia."

"Umeshaniambia."

"Nimeshakuambia," Naam alikubali.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaning'iniza koti, Wastani alikwenda kwa Mkurugenzi akamweleza. Kuna mtu wa nyumbani kwake kwenye orodha, na namba yake ameijua.

"Humu ndani nani hana shemeji?" alisema Mkurugenzi. "Endelea na kazi. Ila jua nakutazama."

"Hicho ndicho nilichokuja kukiomba," alijibu.

Hesabu ya kwanza ilitoka nzuri kwa asiyejua kuisoma. Wa bondeni walikuwa wengi, na walikubaliana. Wa mlimani walianguka karibu wote, na namba thelathini na moja alikuwa katikati yao, chini kabisa ya mstari wa kufuzu. Mkurugenzi aliridhika. Jibu lilikuwa moja, mwongozo ungekuwa mmoja, na walimu walikuwa wamepatikana.

"Wengi wape," alisema, akanyoosha mkono kuchukua karatasi.

Wastani hakuiachia. "Hawa walioanguka wamekosea namna moja," alisema. "Tazama. Bondeni wakisema ndiyo, hawa wote hapana. Wajinga hawakosei kwa pamoja, mama. Wajinga kila mtu hukosea kivyake."

Njia aliyoitumia ilikuwa na kengele yake ya tahadhari. Kama ukweli ni mmoja, kundi kubwa la wanaokubaliana huwa moja, na yanayofuata huwa vumbi. Hapa palikuwa na makundi mawili, la pili limesimama begani mwa la kwanza. Maana yake alikuwa amewapa watu wa shule mbili mtihani mmoja, halafu akawasahihisha kwa majibu ya shule iliyojaza madawati. Ilibidi makundi yatenganishwe, kila moja lipimwe kwa makubaliano yake.

Hata hivyo alikaa na jambo hilo siku nzima bila kuligusa. Yako maswali ambayo watu hujiuliza wakiwa wameshajipa jibu. Yeye alijiuliza lake kwa dhati: namba thelathini na moja angekuwa juu ya mstari, ningeisikia kengele hii? Alitaka kujijibu ndiyo, na kwa kuwa alitaka, hakujiamini. Mtu mwaminifu hadanganyiki kwa urahisi na jirani. Anayemdanganya ni moyo wake mwenyewe, ukimjia umevaa joho la haki.

Akarudi kwa Mkurugenzi. "Naomba tutenganishe makundi."

"Shemeji ameanguka, eh?"

"Ameanguka. Ndiyo maana naahidi sasa, kabla sijaona. Kila fundi atapimwa kwa kundi analokubaliana nalo zaidi. Mstari ni uleule. Atakayebaki chini, amebaki. Sitagusa tena."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kushinda kwa maneno wala kushindwa kwa maneno. Alimchukua hadi maabara. Kwenye rafu palikuwa na sampuli za pande zote mbili. Aligonga tofali la bondeni kwa kifundo cha kidole, likalia kama kikombe cha kaure. Akagonga la mlimani, likatoa sauti ya mlango wa mbao.

"Hili bichi," alisema.

"Libanwe," alisema Wastani.

Mtu wa maabara alilibana la bondeni kwanza, kisha la mlimani. Mshale wa mashine ulipanda, ukapanda, ukapita pale la kwanza lilipopasukia, ukaendelea kidogo. Walileta jingine, na jingine. Changarawe ndizo zilizoua mlio; nguvu ilikuwa palepale. Mashine haikuwa na kabila.

"Kwa hiyo tungewafundisha watu wa mlimani kuyatupa matofali yao mazuri," Mkurugenzi alisema.

"Na kuyaunguza wakitafuta mlio usiokuwepo."

"Tenganisha," alisema.

Hesabu ya pili ilipotoka, mlima uliinuka. Mzee mmoja aliyekuwa wa mwisho kabisa katika orodha ya kwanza alikuwa sasa wa kwanza kwa watu wake. Wachache walibaki chini, wa pande zote, kama inavyotokea popote watu wanapopimwa. Wastani alishuka na kidole polepole. Namba thelathini na moja hakuwemo kati ya wa bondeni. Akafungua ukurasa wa mlimani. Huko pia hakuwemo. Katika kundi zima la mafundi, ni yeye peke yake asiyekuwa na kwao.

Akayaangalia majibu yenyewe. Kabla ya chai, namba thelathini na moja alijibu kama mlimani, neno kwa neno. Baada ya chai alijibu kama bondeni, neno kwa neno. Maswali yaliyorudiwa aliyakataa kabla ya chai, akayakubali baada ya chai. Muulizaji wake wa kwanza alikuwa binti wa mlimani. Wa pili alikuwa kijana wa bondeni.

Mtego ulikuwa umenasa, na aliyeutega ni yeye. Nyuma ya ukuta tofali lilipasuka, kikombe kikaruka, chai ikamwagikia kisahani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuwa ameisikiliza mashine.

Mkurugenzi alisoma karatasi akiwa amesimama. Hakucheka. "Njia mbili zilimshinda fisi," alisema taratibu. Halafu akavuta kiti. "Sikiliza, Mzee Wastani. Huyu mtu amechoma matofali kabla mimi sijajua kuandika. Mrudie. Muulizaji mmoja, kikao kimoja. Nani atajua?"

Maneno hayo yalitoka kwa mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa anamchunga asije akafanya jambo lilelile. Ndivyo huruma inavyofanya kazi maofisini. Huingia kwa hodi ya upole, na ikishakaa, haki husimama.

"Wako wengine waliobaki chini," alisema Wastani. "Hao wana shemeji gani humu ndani?"

"Tuwarudie wote."

"Waliokosa ujuzi hawataupata kwa kurudiwa. Na huyu hakukosa ujuzi, mama. Hapo ndipo pagumu. Huyu amekosa neno moja tu, hapana. Siku mwanafunzi akimwambia, mwalimu, tanuri limeshapoa, tulifungue, atamjibu nini?"

Tanuri likifunguliwa kabla ya wakati, matofali hupasuka yote, na aliyesimama mlangoni huungua uso. Mkurugenzi akatia sahihi matokeo.

Nyumbani, mkewe alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Alimsikiliza bila kuinua kichwa mpaka alipomaliza. Kisha akaweka kalamu chini.

"Alinilea kwenye moshi ule," alisema. "Mimi nilikuwa nasoma, yeye anakohoa. Mapafu yake ndiyo yaliyonifikisha chuo. Leo wewe unampima kwa maswali."

"Sikumpima mimi peke yangu."

"Aliyatunga nani?"

"Nilitunga mimi."

"Eh."

Walikaa. Wastani alisubiri amwambie abadilishe. Alikuwa ameshaandaa majibu, amejizungushia ngome kabisa. Mkewe akavuta daftari jingine.

"Kamwambie mwenyewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Usimtumie karatasi, na usitume mtu."

Hakumwomba adanganye. Wastani aliona aibu kwa kuwa alikuwa amemtarajia afanye hivyo.

Alimkuta Naam uani kwake, ameketi juu ya kalibu kuukuu ya kufyatulia matofali iliyogeuzwa, mbali na tanuri ambalo sasa liliendeshwa na wanafunzi wake wa zamani. Alifurahi kumwona, kama alivyofurahi kumwona kila mtu. Akaleta chai. Wastani hakuzunguka, alimweleza matokeo, akamweleza na mtego.

"Yule binti wa kwanza alisema kama marehemu mama," Naam alisema. "Lafudhi ileile. Ningemkatalia vipi? Na yule kijana wa baada ya chai ni kama hawa wanangu wa hapa."

"Jibu lenyewe ulikuwa unalijua?"

"La mlio? Udongo wenye changarawe haulii. Kila mchomaji aliyetembea anajua."

"Mbona hukusema?"

"Walikuja na tabasamu, shemeji. Mtu akikujia na tabasamu unamrudishia tabasamu."

"Walikuja na maswali."

Naam alikohoa, akasubiri kifua kitulie. Kisha uso wake ukarudia ule upole ambao watu wa pande mbili waliupenda. "Basi umefanya sawa," alisema. "Ndiyo. Sheria ni sheria. Umefanya sawa kabisa."

Wastani angeweza kushukuru akaondoka. Mlango ulikuwa wazi, na msamaha ulikuwa mkononi, bure.

"Unasema hivyo kwa sababu unaona hivyo," aliuliza, "au kwa sababu ni mimi niliyekaa hapa?"

Kule tanurini mtu alikuwa anapasua kuni. Naam aliitazama mikono yake, yenye makovu ya kuungua, akaikunja.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hukufanya sawa." Alikuwa amesimama, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Fundi wa umri wangu hapimwi na watoto wawili na kikombe cha chai. Ulinijua. Ulijua ninavyoongea na watu, ukanitegea palepale. Ungenirudia, ukaniuliza wewe, macho kwa macho. Umenidhulumu, shemeji, na dada yangu nitamwambia hivyohivyo."

Kikohozi kilimkatiza. Wastani alimsubiri amalize kukohoa, akasubiri tena kama kuna lililobaki.

"Nimekusikia," alisema.

"Na bado hubadilishi."

"Sibadilishi."

"Basi kunywa chai uende."

Alikunywa yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa tusi la pili. Ilikuwa na sukari nyingi mno, naye Naam hakuuliza kama imezidi.

Mwongozo ulichapwa ukiwa na sehemu mbili, kila udongo na majibu yake, na karakana ilifunguliwa na walimu wa pande zote. Hayo yanajulikana. Yasiyojulikana ni kwamba siku ile, Wastani alipofika nyumbani kutoka kwa Naam, mkewe alikuwa bado mezani na madaftari yake.

"Amesemaje?"

"Amesema hapana."

Kalamu ilisimama. "Kaka?"

"Kaka. Amesema nimemdhulumu. Amesimama kabisa."

Mwanamke alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayetafuta kosa katika jibu ambalo halina kosa. "Na wewe?" aliuliza. "Wewe unajisikiaje?"

Wastani alitafakari, kama alivyotafakari siku ile ya harusi.

"Vibaya," alisema.

Mkewe alisubiri maneno yanayofuata, yale ya "kwa wastani". Hayakuja. Akasogeza madaftari upande mmoja, akavuta kiti cha pili.

"Kaa," alisema.